Pentax, Acheni Kula Mbegu

Mkulima anayekula mbegu yake hafi njaa msimu uleule. Msimu uleule hushiba kuliko majirani, hujipapasa tumbo, na akisalimiwa hujibu kuwa mambo shwari. Njaa humfika mvua zinapoanza, wenzake wako shambani na yeye ameshika jembe, hana cha kufukia. Ndivyo ninavyoiona Ricoh ya Japani, kampuni inayomiliki jina la Pentax, kila inapotoa kamera nyingine ya dola 2,000 na kuwauzia watu walewale iliowauzia ya kabla yake.

Wapo wanaoishangilia. Tangu simu za mkononi ziuvamie upigaji picha, wachambuzi wa biashara ya kamera wamekuwa wakihubiri jambo moja: kamera ya bei nafuu imekufa, kwa hiyo kampuni ndogo ipande ghorofani, itengeneze chache, iziuze ghali, iishi na wateja wachache wenye pesa. Ushauri huu una sauti ya hekima. Mimi nasema ni sumu, na kampuni ndogo itakayoumeza itakufa ikiwa imevaa suti.

Tuanze na mambo ambayo Ricoh wenyewe wanayajua. Asahi Optical, mama wa Pentax, ilianzishwa Tokyo mwaka 1919. Mwaka 1952 ikatoa Asahiflex, kamera ya kwanza ya Kijapani ya mkanda wa milimita 35 iliyokuwa na kioo ndani, kioo kinachomwonesha mpiga picha kilekile kinachoonwa na lenzi. Mwaka 1954 ikaondoa kero kubwa ya kamera za aina hiyo: kioo kikishapanda wakati wa kupiga, sasa kilirudi chenyewe papo hapo, mpiga picha hakuachwa gizani. Mwaka 1957 jina la Pentax likaingia sokoni. Ni historia ya kujivunia. Lakini waulize Wamarekani waliosomea upigaji picha miaka ya 1980 Pentax ni nini, wala hawatakutajia kioo. Watakutajia K1000.

K1000 iliingia sokoni mwaka 1976 ikaondoka mwaka 1997. Miaka 21, kamera ileile kwa namba ileile. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Na ilikuwa kamera ya kujinyima: haikuwa na saa ya kukusubiri ukimbilie mbele ujipige mwenyewe, haikuwa na kulenga kwa injini, haikuwa hata na swichi ya kuizima. Walimu waliwaagiza wanafunzi waje nayo darasani kwa sababu hizohizo. Hakukuwa na kitu cha kujificha nyuma yake.

Mimi nilijifunzia kwenye K1000 ya mjomba, iliyokuwa imechubuka kwenye kona hadi chuma kikang'aa. Aliniazima kwa masharti mawili: nisiguse lenzi kwa kidole, na nikimaliza nirudishe kifuniko. Sharti la pili nililidhani la usafi tu. Kumbe kipimamwanga cha kamera ile hakizimwi. Usipofunika lenzi kinaendelea kunywa betri usiku kucha. Ukichungulia ndani, upande wa kulia kuna sindano. Nikiielekeza kamera dirishani, sindano inapanda. Nikiielekeza uvunguni mwa kitanda, inashuka. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha pete ya lenzi na gurudumu la kasi mpaka sindano ikae katikati. Jioni moja tu ilitosha. Sikuwa nimefungua kitabu chochote, lakini nilikuwa nimeuelewa mwanga. Na betri ilipokufa, kilicholala ni sindano peke yake. Kamera iliendelea kupiga kama kawaida.

Nilipopata pesa zangu mwenyewe nilinunua kamera ya Pentax. Nisidanganye kwamba nililinganisha. Mjomba alikuwa na lenzi tatu, na lenzi zile zilikuwa zinaingia. Hadi leo zinaingia, maana mdomo wa lenzi ambao Pentax iliuanzisha mwaka 1975 bado ndio huohuo kwenye kamera zake za kidijitali. Kamera moja rahisi ya mjomba iliniuzia nyingine, na lenzi juu yake, kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo mbegu ninayoisema.

Anayebisha aende kwenye ukumbi wowote wa harusi Dar es Salaam au Nairobi, awatazame wapiga picha badala ya maharusi. Kijana mwenye flashi anamsogelea mkubwa wake, anapokea lenzi ndefu, anampa fupi, keki haijakatwa wameshabadilishana mara tatu. Hawawezi kuazimana hivyo kama kamera zao si za ukoo mmoja. Ndiyo maana anayeanza hununua jina lilelile alilonalo anayemfundisha, na akishanunua lenzi mbili amefunga ndoa. Canon na Nikon hawakuziteka kumbi zetu kwa kamera za dola 6,000. Waliziteka kwa zile ndogo za kuanzia, ambazo wenzetu huko nje walizichoka, zikawa mtumba, zikafika mikononi mwa vijana wetu. Pentax katika kumbi hizo utaitafuta kwa tochi.

Sasa tazameni Ricoh ilichoifanyia mbegu hiyo. Iliinunua Pentax mwaka 2011 kutoka kampuni ya Hoya. Mwaka 2016 ikatoa K-70, kamera ya kuanzia nzuri tu, kwa dola 650 hivi bila lenzi. Miaka sita baadaye, mwaka 2022, ikaja na "kamera mpya" ya kuanzia inayoitwa KF. Ukiifungua unaikuta K-70 ileile, imetiwa skrini bora kidogo mgongoni, imepachikwa jina jingine, na bei imepanda hadi dola 850. Miaka sita! Mtoto aliyezaliwa K-70 ilipotoka alikuwa anaanza shule, na zawadi aliyoandaliwa ni koti la kaka yake lililopigwa pasi na kuongezwa bei.

Nguvu zilikwenda wapi? Mwaka 2021 zilikwenda kwenye K-3 Mark III, dola 2,000. Januari 2022 Ricoh ikatangaza nchini Japani kuwa Pentax itaendeshwa kama karakana ya mafundi, bidhaa chache, zikiuzwa moja kwa moja kwa mashabiki. Mwaka 2023 ikaja K-3 Mark III Monochrome, dola 2,200, kamera isiyopiga picha yoyote isipokuwa ya nyeusi na nyeupe. Ni kamera safi. Ningepewa ningeilaza kitandani, mimi nikalala chini. Lakini jiulizeni nani ataamka asubuhi, hajawahi kumiliki Pentax maishani, akatoe dola 2,200 kwa kamera isiyoona rangi. Hayupo. Anayeinunua ni yule mwenye Pentax tatu kabatini. Ananunua ya nne, mnahesabu mapato, mnapongezana. Mteja huyo anazeeka. Siku akiondoka, watoto wake wataziuza lenzi zake kwa bei ya chakula cha jioni, kwa sababu hakuna aliyewauzia wao kamera ya kwanza.

Na huko juu mnakokukimbilia kumejaa makaburi. Sigma, kampuni ya kifamilia ya Japani inayotengeneza lenzi nzuri mno, mwaka 2011 ilitoa kamera ya SD1 kwa bei iliyopita dola 6,000. Haukupita mwaka kamili, kamera ikarudi na jina la ziada kwa dola 2,300 hivi. Walioinunua mwanzo walibaki wameshika shavu. Mwaka 2012 Hasselblad ya Sweden, ambayo kamera zake zilikwenda mwezini na Apollo 11, ilichukua Sony NEX-7, ikaivika mbao na ngozi, ikaiita Lunar, ikaiuza kwa bei ya mara kadhaa ya ile ya Sony. Dunia ilicheka, na kampuni iliishia mikononi mwa DJI, watengeneza droni wa China. Olympus, iliyotimiza miaka 100 mwaka 2019, iliisherehekea kwa E-M1X ya dola 3,000. Juni 2020 ikatangaza kuwa inauza kitengo chake chote cha kamera. Sisemi kamera moja ndiyo iliyoiua, kwani hasara ilikuwa imeanza miaka kadhaa nyuma. Nasema mgonjwa alipewa dawa ya bei mbaya na hakupona.

Sababu inajulikana. Huko juu kinachopiganiwa ni kasi, na kasi inanunuliwa kwa mabilioni ya utafiti. Sony hutengeneza yenyewe vihisi vya picha, tena huwauzia wapinzani wake, Nikon na Fujifilm wakiwamo. Utashindanaje mbio na mtu anayekuuzia viatu? Mwiga tembo hupasuka msamba.

Najua mtaniletea Leica, kampuni ya kamera za anasa. Kila mjadala huu ukianza, lazima mtu aichomoe Leica mfukoni. Haya, tuitazame. Kamera ile ilianza kuuzwa mwaka 1925. Miaka 80 baadaye, pamoja na sifa zake zote, kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, ikaokolewa na Andreas Kaufmann, mtu aliyerithi mali ya familia na aliyekuwa na subira ya kungoja. Leo mauzo yake ya mwaka yamepita euro milioni 500. Hongera kwao. Lakini anayenunua Leica ya daraja la M ananunua na karne nzima ya hadithi, kama anunuavyo saa ya Uswisi ilhali simu yake inamwambia saa bure. Ufalme wa namna hiyo Pentax haiwezi kujitangazia asubuhi moja. Zaidi ya hapo, hata Leica inauza D-Lux, kamera ndogo iliyotokana na ushirikiano wake na Panasonic, kwa wasiofikia bei ya M. Mfalme mwenyewe ameacha mlango wa uani wazi. Ninyi mnaupiga kufuli.

Mtaniletea na simu. Takwimu za CIPA, chama cha watengeneza kamera wa Japani, kweli zinatisha: mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120, na mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Lakini someni safu zote. Zaidi ya milioni 100 kati ya zile za 2010 zilikuwa kamera za mfukoni, zile za kubonyeza na kurudisha kwenye pochi. Simu iliziua hizo, na ilistahili kuziua, kwa sababu ilifanya kazi ileile vizuri zaidi. Haikumuua mwanafunzi. Imemzaa! Mtoto wa leo anaanza kupiga picha kabla hajajua kusoma. Kati ya mamilioni hao wapo wanaofika mahali wakachoka kuamuliwa na simu mwanga uwe wapi, giza liwe wapi, ngozi ya bibi ilainishwe kiasi gani. Wanataka kuamua wenyewe. Hata mauzo ya zile kamera ndogo zilizozikwa yalianza kupanda tena mwaka 2024. Vijana wanagonga mlango, nanyi mko ghorofani mnang'arisha kamera ya rangi mbili.

Hapa ndipo penye hoja ambayo washauri wenu hawaigusi. Kampuni kubwa haiwezi kutengeneza kamera ya kuanzia iliyo nzuri kweli. Si kwa kukosa ujuzi, ni kwa woga. Canon wakiitengeneza vizuri mno, nani atapanda daraja la juu? Kwa hiyo huikata miguu makusudi. Mwaka 2023 walitoa EOS R100, dola 480 bila lenzi: skrini yake haigeuki, wala haisikii kidole. Mwaka 2023! Kijana aliyezoea kugusa kioo cha simu tangu utotoni anapewa kamera anayoigusa nayo imenyamaza. Ameuziwa kitu kilichoundwa ili akichukie haraka anunue kingine. Huo ndio ugonjwa wa mkubwa, ana ghorofa nyingi za kulinda.

Mdogo hana ghorofa za kulinda. Ndiyo nguvu yake pekee, na Pentax iliwahi kuitumia. Mwaka 2009 ilitoa K-x iliyotumia betri nne za kawaida, zile za rimoti unazozipata duka lolote hata kijijini, na huko Japani ikaiuza kwa michanganyiko 100 ya rangi. Mwaka 2013 ikatoa K-50, kamera ya bei ya kuanzia iliyozibwa kwa mpira isipitishe mvua wala vumbi, yenye tundu la kuchungulia linaloonesha picha nzima bila kukata kingo. Kamera za kuanzia za Canon na Nikon za wakati ule hazikuzibwa hata kidogo. Ukitaka kinga ya mvua, ulipie daraja la juu. Pentax ilikuwa inampa mtu wa kima cha chini vitu ambavyo wakubwa waliwafungia wenye nacho. Huo ndio ulikuwa utu wa jina hilo. Mmeubadilisha na sanduku la zawadi.

Mhasibu atanyanyua mkono: faida ya kamera ya bei ndogo ni ndogo, na mdogo hawezi kuzalisha nyingi kama Canon. Kweli kabisa. Ndiyo maana siwaambii mtoe kamera ya bei ya chini kuliko zote. Nawaambia mtoe moja, iliyo rahisi kuliko zote, halafu msiiguse. Kinachofilisi ni kuunda upya kila baada ya miaka miwili: kalibu mpya, mitambo mipya, matangazo mapya. K1000 ilizalishwa kwa miaka 21. Gharama ya kalibu zake ilisambaa juu ya kamera milioni 3. Uchumi huo unamfaa mdogo kuliko mtu yeyote, maana haumtaki akimbie, unamtaka atulie.

Wala sokoni hakuna foleni. Mwaka 2018 Nikon iliuza D3500, ya kioo, pamoja na lenzi yake, kwa dola 500. Iliiondoa sokoni bila kuiachia mrithi. Wakubwa wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo na kuliacha shamba la kamera za kioo likiota nyasi. Ni Pentax peke yake iliyosimama mwaka 2020 na kuapa hadharani kwamba haiachi kioo. Sawa, mmeapa, shamba ni lenu. Limeni basi!

Msiseme haiwezekani, maana Fujifilm imewaonesha. Instax, kamera yake ya picha za papo kwa papo, ilianza mwaka 1998, ikakaribia kufa katikati ya miaka ya 2000 mauzo yalipoporomoka hadi takriban 100,000 kwa mwaka. Kufikia mwaka wa fedha wa 2018 zilikuwa zinauzwa zaidi ya milioni 10. Ni plastiki, ina rangi za peremende, inapendwa na wasichana wa shule, na Fujifilm haikuona haya. Kampuni hiyohiyo inawauzia matajiri kamera kubwa za GFX. Imepanda chini ikavuna juu.

Na ninyi wenyewe mmejionesha. Mwaka 2024 mlitoa Pentax 17, kamera ya mkanda, mpya kabisa, kwa dola 500. Mkanda wa picha 36 unatoa 72, kila picha imesimama wima kama skrini ya simu, na baada ya kila picha unavuta mkanda kwa kidole gumba kama alivyofanya mjomba. Iliwalenga vijana ambao hawajawahi kushika mkanda, na dunia nzima ikaizungumzia kuliko ilivyowahi kuizungumzia K-3 yenu. Olympus walilijua somo hilo mwaka 1959, Yoshihisa Maitani alipobuni kamera ya Pen akiwa na shabaha moja, bei yake isizidi yeni 6,000. Bei ilitangulia, ubunifu ukafuata.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Kamera moja ya kidijitali, ya kioo, yenye mdomo wa lenzi uleule wa 1975. Gurudumu la kasi juu, pete ya mwanga kwenye lenzi, sindano ndani ya tundu la kuchungulia. Kihisi cha megapikseli 24, teknolojia iliyokwisha kuzeeka na kushuka bei. Video iacheni, mwenye haja nayo ana simu. Betri za rimoti. Lenzi moja ya milimita 35, iwe ndani ya boksi. Dola 500, na ibaki hivyo kwa miaka 20.

Mwaka 2026 K1000 inatimiza nusu karne. Nawajua wakubwa wa kampuni na sherehe zao: kishawishi kitakuwa kutoa toleo la kumbukumbu, namba zimechongwa, ngozi ya pekee, sanduku la mbao, dola 3,000, kwa mashabiki 500 wa kwanza. Nawaomba msifanye hivyo. K1000 haikuwa kamera ya kuwekwa kabatini. Ilikuwa kamera ya kumpa mpwa wako aondoke nayo. Tupeni nyingine ya namna hiyo, au fungeni duka kabla hamjamaliza gunia.